Kuimba Aina za Sentensi si Kujua Kiingereza

Mwalimu anauliza: sentensi ni nini? Darasa zima linaitikia kwa sauti moja: ni kundi la maneno lenye wazo kamili, linaloanza kwa herufi kubwa na kukoma kwa nukta. Anauliza tena: ziko aina ngapi? Nne, linajibu darasa: ya taarifa, ya swali, ya amri na ya mshangao. Na kwa muundo wake? Tatu: sahili, ambatano na changamano. Kila jibu linapata alama yake ya vema, kengele inalia, na somo la Kiingereza la siku hiyo linahesabiwa kuwa limefanikiwa. Nje ya lango la skuli, mtoto aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wenziwe anaulizwa na mgeni: "Haven't you eaten?" Hajala tangu asubuhi. Kwa adabu na kwa ukweli anajibu: "Yes." Mgeni anakwenda zake akiamini kwamba mtoto ameshiba.

Mtoto huyo hakusema uongo, wala hakuwa mzembe. Amejibu kama anavyojibu nyumbani kwao kila siku. "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Katika Kiswahili, ndiyo humkubalia muulizaji maneno yake. Katika Kiingereza, yes na no havimtazami muulizaji. Hulitazama jambo lenyewe, kama limekuwa au halikuwa. Hilo ni jambo la sentensi ya swali, tena la kiini chake, na katika muda wote wa kuimba aina nne hapana aliyemwambia.

Hapo ndipo ulipo ugomvi. Somo la aina za sentensi za Kiingereza, kama linavyosomeshwa katika skuli nyingi za visiwani na za bara, limekuwa somo la majina. Mwanafunzi hupewa kibandiko akatafute pa kukibandika. Hufaulu kubandika, na hufeli kusema. Kisha wazee, wakaguzi na waandishi wa magazeti hushangaa kwa nini kijana aliyesoma Kiingereza kwa miaka kumi hawezi kuandika barua ya kuomba kazi. Wanaoshangaa wangeanza kulishangaa somo lenyewe.

Na waanze na ile fasili. Hili "wazo kamili" ni urithi wa mbali mno. Limetoka kwa wanasarufi wa Kigiriki, akina Dionysius Thrax, likapitia katika Kilatini cha Priscian katika karne ya 6, na hatimaye likaingia katika vitabu vya Waingereza ambao waliipima lugha yao kwa kanda ya Kilatini. Askofu Robert Lowth alitoa sarufi yake fupi mwaka 1762. Lindley Murray akatoa ya kwake mwaka 1795, nayo ikatawala madarasa ya Uingereza na Marekani kwa miongo mingi. Fasili ikawa inarithiwa kama kanzu ya babu: hapana anayeuliza kama inamtosha anayeivaa. Mmarekani Charles Fries, katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu muundo wa Kiingereza, alieleza kwamba fasili za sentensi zilizokwisha kutolewa zilipindukia mia mbili. Badala ya kuongeza nyingine juu yake, alichukua mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, akasikiliza namna watu wanavyosema.

Ukamilifu wa wazo haupimiki. Mtu akiulizwa kwa Kiingereza kwa nini fulani hakuja, akajibu "Because he was ill", wazo lake limekamilika na aliyeuliza ameridhika. Hata hivyo kitabu kitasema hiyo si sentensi, ni kishazi tegemezi. Kwa upande wa pili, "He put the book" ina kiima na ina kitenzi, na wazo la mtu aliyeshika kitabu linaonekana. Ila Mwingereza ataingoja iliyobaki, kwa kuwa kitenzi put kinadai vitu viwili, kinachowekwa na mahali kinapowekwa. Upungufu huo umo katika madai ya kitenzi. Mwanafunzi aliyeambiwa apime wazo amepewa mizani isiyo na mawe. Aliyeambiwa aangalie kitenzi kinadai nini amepewa kitu cha kushika.

Ama herufi kubwa na nukta, hizo ni nguo za sentensi. Lugha husemwa kabla ya kuandikwa, na anayesema hasemi herufi kubwa. Tena kwa watu wa mwambao hoja hiyo ingepaswa kuonekana mapema kuliko kwa wengine. Kwa karne kadhaa tenzi na mashairi ya Kiswahili yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, hati isiyo na herufi kubwa hata moja. Je, washairi wale hawakuwa na sentensi? Mtu anayesikiliza utenzi hujua wapi maneno yamekoma na wapi yanaendelea hadi mshororo wa pili, wala haitaji kuona nukta.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni kwamba haya yanasahauliwa katika nchi ambamo nahau ilisomeshwa kabla Mzungu hajaleta kitabu chake. Chuoni na msikitini, vijana wa Unguja, Pemba na Lamu walikaa mbele ya Ajurrumiyya, kitabu kidogo cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323. Kitabu hicho hakianzi na wino wala nukta. Huanza na maneno yenyewe: kwamba yawe ya kutamkwa, yaliyoungwa, yenye kumpa msikilizaji faida. Aliyepanda daraja akasoma balagha alikutana na mgawanyo wa khabari na inshaa: maneno yanayoweza kuambiwa kweli au si kweli, na maneno yasiyoweza, kama amri, katazo, swali na wito. Akafundishwa tena kwamba swali laweza kutoka katika kazi yake ya asili likawa la kukaripia, la kukanusha au la kustaajabu. Kwa maneno mengine, alifundishwa kwamba umbo la sentensi ni jambo moja na makusudio yake ni jambo jingine.

Tofauti hiyo ndiyo iliyokosekana katika ile orodha ya aina nne. Darasani hufundishwa kwamba sentensi ya swali ndiyo inayouliza, na sentensi ya amri ndiyo inayoamrisha. Ukweli wa Kiingereza ni mwingine kabisa. "Could you open the window?" ni swali kwa umbo, na anayeambiwa hatakiwi kujibu kama anaweza, anatakiwa anyanyuke akafungue. "You will sit here" ni taarifa kwa umbo, na katika kinywa cha mkuu wa skuli ni amri kali. "Who cares?" ni swali lisilongoja jibu. "You are leaving?" imejengwa kama taarifa, na sauti peke yake ndiyo inayoifanya swali. Sarufi kubwa ya Quirk na wenzake watatu, iliyotoka mwaka 1985, ilitenganisha waziwazi jina la umbo na jina la kazi. Ile ya Huddleston na Pullum ya mwaka 2002 ikafanya hivyo hivyo. Waingereza wenyewe wamekwisha kutengeneza nyumba yao. Visiwani bado inafagiliwa varanda ya nyumba waliyoihama.

Atatokea mtu aseme kwamba hizi ni taabu za wataalamu na mtoto wa darasa la sita hazimhusu. La hasha. Zinamhusu yeye kuliko mtaalamu, kwa kuwa yeye ndiye atakayeonekana hana adabu. Mswahili anayo namna nyingi za kuomba ndani ya kitenzi chenyewe. "Lete maji" ni amri. "Ulete maji" imelainishwa. "Naomba uniletee maji" imevaa heshima, na kwa umbo ni taarifa tu: msemaji anaarifu kwamba anaomba. Kiingereza hakina irabu ya mwisho ya kubadilisha ili amri iwe ombi. Kitenzi cha amri ni kile kile kikavu, "Bring". Ndiyo maana Mwingereza amelikimbilia umbo la swali alifanye vazi lake la heshima. Mtoto aliyefundishwa kwamba swali ni la kuuliza na amri ndiyo ya kumtaka mtu afanye jambo atamwambia mgeni wa mama yake "Bring the cup", naye amelelewa vizuri. Ufidhuli huo hakutoka nao nyumbani, amefundishwa darasani.

Baada ya aina nne za kazi huja aina tatu za muundo, na hapo hasara huongezeka. Sahili, ambatano na changamano hutajwa kama kwamba zimeshuka na lugha. Murray mwenyewe alizigawa sentensi mafungu mawili tu, sahili na ambatano. Fungu la tatu lilikuja kukaa katika vitabu vya skuli baadaye. Si hoja kwamba mgawanyo huo haufai. Unafaa sana, kwa sharti kwamba mtu ajue unafaa kwa lipi.

Chukua kosa linalojulikana na kila msahihishaji wa insha: "Although he was sick, but he came." Mwalimu hulipigia mstari mwekundu, huandika kwamba ni kosa, na huendelea. Mwanafunzi hajui kosa liko wapi, kwa sababu kwao wanasema: "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja," na hapana anayenuna. Kiswahili kinamruhusu msemaji kufungua kwa ingawa na kujibia kwa lakini, mlango na bawaba yake. Kiingereza kinamtaka achague. Akitumia although, amekifanya kishazi kimoja kuwa tegemezi, na sentensi ni changamano. Akitumia but, ameviweka vishazi viwili bega kwa bega, na sentensi ni ambatano. Hawezi kukitegemeza kishazi na kukisimamisha kwa pumzi moja. Hapo ndipo majina ambatano na changamano yanapopata maana, kwani yanaonyesha njia panda. Lakini katika somo la kubandika majina, njia panda hiyo haitajwi. Mwanafunzi anajua kuitambua sentensi changamano iliyoandikwa na mwingine, na hajui kwamba yeye anapoandika yuko katika kuchagua.

Chukua la pili: "The book which I read it." Hili pia si ujinga. "Kitabu nilichokisoma" kina kiambishi cha urejeshi, -cho-, na kina kiambishi cha kitu kilichosomwa, -ki-, vyote katika neno moja na vyote vinakirejelea kitabu. Mtoto ameihamisha ki ya pili kwa uaminifu mkubwa, akaifanya it. Kiingereza kinamtaka aache pengo: which imekwisha kukichukua kitabu, na nafasi yake baada ya kitenzi lazima ibaki tupu. Dakika tano za kuyaweka maneno mawili ya Kiswahili na yale ya Kiingereza ubaoni, moja juu ya jingine, zingelifundisha jambo ambalo miaka minne ya mistari myekundu haikulifundisha.

La tatu ni kubwa zaidi, kwani linagusa fasili yenyewe ya uchangamano. "Nikimwona nitamwambia" ni maneno mawili. Ndani yake mna sharti na jawabu lake, watendaji na watendewa, na wakati ujao. Mswahili hutegemeza kishazi kwa silabi moja tumboni mwa kitenzi: -ki-, -nge-, -po-, -ye-. Mwingereza hutegemeza kwa neno linalosimama nje na mbele: if, when, who. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili haoni taabu kwa sababu sentensi changamano ni ngumu kwake. Huzisema tangu ana miaka mitatu. Taabu yake ni kwamba amezoea kuutafuta utegemezi ndani ya neno, na katika Kiingereza hawezi kuuona humo. Mwalimu anayemwambia kwamba leo atajifunza sentensi "ngumu" amemdanganya na amemtisha bure.

Na swali? Kwa Kiswahili, "Juma anakwenda sokoni" huwa swali kwa kupandisha sauti tu, au kwa kutanguliza je. Mpangilio wa maneno haubadiliki. Kiingereza kinapindua: kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya kiima, na pasipokuwa na kisaidizi huitwa do kuja kuziba nafasi. Haikuwa hivyo daima. Waingereza wa zamani walikipindua kitenzi chenyewe bila msaada wa do. Desturi ya sasa ilienea na kukaa kati ya karne ya 16 na ya 18. Kisha liko swali la mkiani. Kiswahili kina sivyo kwa kila hali, wala halimchoshi mtu. Kiingereza kinakitaka kisaidizi kile kile kirudi, kigeuzwe kutoka ndiyo kwenda siyo au kutoka siyo kwenda ndiyo, na kiima kigeuzwe kiwakilishi: "Asha has arrived, hasn't she?" Mtoto husema isn't it kwa kila jambo, huchekwa, hunyamaza. Kunyamaza huko kuna bei.

Bei hiyo hailipwi katika somo la Kiingereza pekee. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kwamba hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mengi yamesemwa juu ya uamuzi ule, na mengi yalistahili kusemwa. Ila liko dogo ambalo halikusemwa vya kutosha. Somo la hisabati limejaa sentensi za aina ambazo somo la Kiingereza halizifundishi. "Find a number which, when divided by 5, leaves 2." Ni amri, ndani ya amri mna kishazi cha urejeshi, ndani ya kishazi hicho kimechomekwa kishazi kingine kisicho na kiima. Mtoto huyo huyo akiambiwa "Tafuta namba ambayo ikigawanywa kwa 5 hubakisha 2," atajibu saba na kuendelea. Kwa Kiingereza hukaa kimya, na katika daftari la mwalimu huandikwa kuwa hajui kugawanya. Anajua kugawanya. Hajafundishwa kuifungua sentensi.

Wala jambo hili si geni kwa wenye mamlaka. Mwaka 1984 Criper na Dodd walitoa ripoti yao juu ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania, wakaonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwatosha kusomea masomo mengine. Msaada ulikuja, vitabu vya hadithi nyepesi vikaletwa, semina zikafanywa. Ile fasili ya wazo kamili ilibaki palepale ubaoni.

Yapo makundi mawili yatakayoudhika na maneno haya, na yote mawili yanastahili jibu. La kwanza linasema: basi sarufi iondolewe kabisa, watoto wazungumze tu, lugha itaingia yenyewe. Kauli hii ilinoga pale ilipotoka, ambapo mtoto akitoka darasani anaikuta lugha hiyo barabarani, dukani na kwenye televisheni ya nyumbani. Mtoto wa Makunduchi au wa Wete, Kiingereza chake kingi anakipata darasani, kwa muda uliohesabiwa. Kumwambia angoje lugha iingie yenyewe ni kumwambia mvuvi angoje samaki waje pwani. Mwenye muda mchache ndiye anayehitaji zaidi kuonyeshwa njia.

Kundi la pili linasema: kulinganisha na Kiswahili ndiko kunakoharibu, mtoto aisahau lugha ya mama yake anapovuka kizingiti cha darasa la Kiingereza. Zipo skuli ambazo humtoza faini au humvisha kibao shingoni anayesikika akisema Kiswahili. Kundi hili linadhani kwamba lugha ya kwanza ni uchafu wa kufutwa. Lakini although na but havikufutika kwa kibao cha shingoni. Kosa lenye sababu haliondoki kwa adhabu. Huondoka sababu yake inapoonekana. Na sababu imo katika Kiswahili, lugha pekee ambayo kwayo mtoto anaweza kuelezwa akaelewa.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha za mfadhili. Mtihani uache kuuliza aina za sentensi ni ngapi, na umpe mtahiniwa vishazi viwili aviunge kwa njia mbili, moja ya kutegemeza na moja ya kusawazisha, kisha aeleze ni lipi limepewa uzito katika kila moja. Umpe amri kavu aigeuze ombi la kumwambia mzee, na tena la kumwambia rafiki. Umpe swali la kukanusha alijibu kwa ukweli. Mtihani ukibadilika, somo litabadilika, kwani walimu hufundisha kinachotahiniwa, na hapana haki ya kuwalaumu kwa hilo. Vyuo vya ualimu navyo viwasomeshe walimu wa Kiingereza nahau ya Kiswahili kwa kina, ili anaposahihisha insha ajue kosa limetoka wapi, si kwamba lipo tu.

Mpaka hapo, orodha ya aina za sentensi itaendelea kuimbwa kila asubuhi, na kasuku watapata vema zao. Majina hayo hayana kosa. Kosa ni la waliyoyafanya mwisho wa safari ilhali ni vibao vya njiani. Na mtoto aliyejibu yes langoni bado hajala.